Siku Tuliyopeleka Gari la Haidrojeni Mowlem

Nyinyi vijana mnaosomea umekanika na uhandisi, mnaopita hapa kwangu kila asubuhi, juzi mlinikuta nasikiliza redio mkaniuliza mbona nimenyamaza ghafla. Mtangazaji alikuwa akisema kwamba haidrojeni ndiyo mafuta ya kesho, kwamba serikali iko tayari kuiunga mkono, na wanasayansi wameshaanza kazi. Sikuwajibu siku ile kwa sababu sikujua nianzie wapi. Maneno hayo niliyasikia miaka ya tisini, nikiwa nimesimama ndani ya karakana huko Industrial Area, Nairobi, mikono imejaa grisi, na niliyaamini yote.

Jina langu ni Wekesa, ingawa wengi wenu mnanijua kama Baba Nafula. Nilikuwa fundi wa magari ya serikali mpaka nilipostaafu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kubadilisha bushi, kufungua gaboksi, kurekebisha breki za Land Rover zilizotoka Turkana zikiwa zimechoka kuliko madereva wao. Lakini kuna kipindi kimoja ambacho hakikuwa cha kawaida, na hicho ndicho nataka mkijue, kwa kuwa kati yetu tuliokipitia nimebaki karibu peke yangu.

Siku ya kwanza tulipowasha injini ya pikapu yetu ya majaribio kwa haidrojeni, ilipiga mlio kama risasi, na kifuniko cha chujio la hewa kikaruka mpaka kwenye mabati ya dari. Otieno, dereva wetu, alikuwa ndani ya gari. Alishuka pole pole, akafunga mlango vizuri, akaenda akasimama nje kabisa, karibu na geti.

"Daktari," akasema kutoka huko, "hii gari ikilipuka kabisa, mimi ndio niko mbele. Nilikuwa nataka tu tukumbuke hivyo."

Daktari Njoki hakucheka. Alipanda juu ya ngazi, akakitoa kile kifuniko kwenye mabati, akakigeuza mkononi akikitazama. Kisha akaniambia, "Sawa. Tumejua kitu. Gesi inawaka kabla vali haijafunga."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sikumsikia hata siku moja akisema umekosea. Alisema tumejua kitu. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Murang'a, mkemia aliyesomea ng'ambo, mwenye koti la maabara lililokuwa limeshaacha kuwa jeupe. Alipofika karakana mara ya kwanza, mafundi walidhani ni mkaguzi, wakaanza kuficha chai. Yeye akauliza kama kuna kiti, akaambiwa hakuna, kesho yake akaja na stuli yake kutoka nyumbani.

Mradi ulianza kwa Katibu Mkuu wa wizara yetu. Alikuwa amemsikiliza Daktari kwenye mkutano fulani akieleza kwamba nchi isiyochimba mafuta inaweza kutengeneza mafuta yake kwa maji na umeme. Akapendezwa. Tukapewa kona ya karakana, pikapu kuukuu iliyokuwa imeegeshwa kwenye nyasi, Otieno wa kuiendesha, na mimi wa kuifungua. Chuo kimoja cha Ulaya kikatuma mtambo wa kupasua maji, yaani unapitisha umeme ndani ya maji, haidrojeni inatoka upande huu na oksijeni upande ule. Katibu alikuja kuuona akiwa na suti ya kijivu, akatuambia serikali iko nyuma yetu. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu.

Sasa niwape kidogo ya kazi yenyewe, kwa maana huenda mkaihitaji. Haidrojeni ni mwizi. Hupita mahali ambapo petroli haiwezi, maji hayawezi, hata gesi ya kupikia haiwezi. Viungo vya paipu nilivyofunga kwa ujuzi wangu wote wa miaka, vikavuja vyote. Gesi yenyewe haina harufu wala rangi. Kila asubuhi kabla ya kitu kingine nilikoroga sabuni ya unga kwenye mkebe, nikapaka povu kila kiungo kwa brashi ya rangi, nikakaa kutazama. Povu likivimba, unafungua unaanza upya. Nilijifunza subira kwa sabuni.

Kingine ni moto wake. Mchana, mwali wa haidrojeni safi hauuoni. Daktari alitufundisha jambo hilo kwa ufagio wa nyasi. Siku moja alisikia mlio mwembamba karibu na mtambo, akatuzuia wote kwa mkono. Akachukua ufagio, akaunyoosha mbele yake, akaanza kutembea kidogo kidogo kuelekea ile paipu. Hapakuwa na kitu. Ghafla nyasi za ufagio zikashika moto zenyewe hewani.

"Hapo," akasema. "Wekesa, funga vali ya nyuma."

Nikafunga. Otieno akatazama ule ufagio ukiungua, akasema anafikiria kuomba uhamisho arudi kuendesha lori la maji. Hakuomba. Kesho yake nilimkuta akisugua taa za ile pikapu kwa kitambaa, akiongea nayo kwa Kijaluo.

Ule mlipuko wa kwanza tulihangaika nao kwa muda mrefu. Tulibadilisha plagi tukaweka za baridi zaidi, zile zisizohifadhi joto, tukachelewesha cheche, na mwisho Daktari akaleta wazo la kunyunyiza maji kidogo pamoja na hewa inayoingia ili kupoza chumba cha kuwakia. Mimi nilitengeneza hicho kinyunyizio kwa bomba la shaba la friji bovu. Injini ikanyamaza. Namaanisha iliwaka, lakini kwa sauti laini, kama mtu anayepumua usingizini, na nyuma kwenye ekzosti badala ya moshi pakawa pakitoka mvuke na matone. Sisi watatu tulisimama kuyatazama matone yale yakilowesha saruji.

Lakini mnajua tuliishi wapi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba huko Mowlem, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na miaka ile mifereji ya Mowlem ilikuwa mapambo tu. Maji yalikuja kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, au hayakuja. Habari kwamba serikali inatengeneza gari linalokunywa maji ilifika plotini, kwenye vyumba vyetu vya kupanga, kabla sijafika mimi. Jirani yangu, Mama Kadogo, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye kona, alinisimamisha nikitoka kazini.

"Baba Nafula, ni kweli mnatia maji kwenye gari?"

"Sio kuyatia hivyo, mama. Tunatoa gesi kwenye maji."

"Ni maji au si maji?"

"Ni maji."

"Basi ni nyinyi mnayamaliza." Akageuza samaki. "Mtoto wangu anaenda shule bila kuoga, na gari ya serikali inakunywa."

Nilijaribu kumweleza kwamba maji tunayotumia ni kidogo sana, hata dobi mmoja anatushinda. Hakuniamini, na simlaumu. Nilimweleza Daktari. Akakaa kwenye stuli yake akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Ana haki ya kuuliza," akasema. "Hatujawahi kwenda kuwaonyesha. Tunawaonyesha wakubwa peke yao."

Siku ya kuwaonyesha wakubwa ikapangwa. Katibu Mkuu angekuja mchana na waandishi wa habari, apande pikapu, izunguke Industrial Area, halafu atangaze awamu ya pili: karakana kubwa zaidi, wanafunzi wa chuo kikuu, magari mengine. Hayo alikuwa amemwahidi Daktari ana kwa ana. Tukapaka kuta rangi. Viti vya plastiki vikakodishwa, turubai ikasimamishwa, kreti za soda zikawekwa kivulini. Daktari alivaa rinda la rangi ya zambarau, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona kazini bila lile koti. Otieno alikuwa ameiosha pikapu mpaka ikaona haya. Mitungi ya gesi nyuma ilikuwa imejaa, na nilikuwa nimepaka sabuni kila kiungo mara mbili.

Nyinyi hamkukuta enzi zile. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilikuwa inaweza kumtoa mtu ofisini akiwa bado anakula. Hakuna aliyempigia simu wala kumwandikia. Alisikia jina lake redioni, au alisikia jina la mwingine mahali pake, akajua. Siku hiyo karani wa stoo alikuwa amefungua redio yake kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini. Nikasikia mtangazaji akisoma mabadiliko serikalini, wizara moja baada ya nyingine, nikamwona karani akisimama mlangoni, akimtazama Daktari.

Wizara yetu ikasomwa. Katibu Mkuu mpya akatajwa. Wa zamani hakutajwa kokote.

Daktari alikuwa akipanga vikombe. Akaendelea kupanga mpaka vyote vikawa kwenye mstari, ndipo akauliza, "Wamesema nani?"

Karani akarudia lile jina.

Tulingoja. Nadhani kila mmoja alijua hakuna atakayekuja, lakini tulikuwa tumevaa vizuri na soda zilikuwa zimeshika baridi. Waandishi hawakuja. Ofisa kutoka makao makuu, aliyekuwa ametusumbua asubuhi kuhusu mahali pa kuweka kiti cha mheshimiwa, alipiga simu stoo akasema shughuli imeahirishwa, akakata. Baadaye mwenye viti vya kukodi akaingia na mkokoteni, akatukuta tumevikalia.

"Poleni," akasema. "Ni kwamba kuna matanga Makadara wanavihitaji."

Tukasimama, akabeba viti vyake.

Hapo ndipo Daktari akamgeukia Otieno. "Gari iko tayari?"

"Iko tayari, Daktari."

"Wekesa, gesi inafika Mowlem na kurudi?"

Nikamwambia inafika, ikiwa hatutakimbia.

"Basi twende tukamwone huyo mama wa samaki."

Sikutarajia. Gari la serikali halikuwa na ruhusa ya kutoka getini bila karatasi, lakini askari wa geti alikuwa amesikia redio kama sisi sote, akafungua tu na kutupigia saluti. Tukakaa mbele watatu, Daktari katikati, rinda lake la zambarau amelikusanya magotini lisiguse gia. Tukafuata barabara ya Lunga Lunga, watu wa viwandani wakiwa wanatoka zamu ya asubuhi kwenda zao mtaani Mukuru kwa miguu. Tukaingia barabara kuu ya Outering. Otieno aliendesha kama anabeba mayai. Pale kwenye mlima mdogo wa Donholm nilishika kitasa cha mlango nikasikiliza kila mlio, nikingoja ule mshindo wa risasi. Haukuja. Lori moja lilitupita likatufunika kwa moshi mweusi, na Daktari akakohoa, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho, na sisi tukacheka naye, ijapokuwa sikujua kama alikuwa anacheka tu.

Mowlem tulikuta foleni ya mitungi. Mkokoteni wa maji ulikuwa umefika na watu walikuwa wanasukumana. Mama Kadogo alikuwa hapo katikati akiwa na mitungi yake miwili. Otieno akasimamisha pikapu kando bila kuzima injini. Watu wakanyamaza kwa zamu, kwanza watoto, halafu wakubwa, kwa kuwa waliona gari linatetemeka lakini hawasikii kelele waliyozoea.

"Ndiyo hii?" Mama Kadogo akauliza.

Daktari akashuka akamsalimia kwa mikono miwili. Hakutoa hotuba. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya gari, akachuchumaa na rinda lake kwenye vumbi, akaweka kiganja karibu na ekzosti. Mvuke ukamgusa, matone yakaanza kukusanyika. Mama Kadogo akamtazama, kisha naye akachuchumaa, akatandaza mkono wake wenye magamba ya samaki. Matone yakadondoka.

Akayanusa. "Haya ni maji."

"Ni maji," Daktari akasema. "Yale yale tuliyoyachukua."

"Kwa hivyo mnayarudisha."

"Tunayarudisha. Na hakuna moshi."

Mama Kadogo akafikiri. Akajipangusa mkono kwenye leso. "Basi mngeanza na yale malori ya Outering," akasema. "Yananiharibia samaki."

Watu wakacheka. Watoto wakapanga mstari kutia mikono. Mzee mmoja akauliza gari kama hilo litauzwa lini, Daktari akajibu, "Tukisaidiwa, si mbali." Nakumbuka alivyolisema. Alilisema kwa Kiswahili chake cha polepole, akimtazama yule mzee machoni, kama mtu anayeahidi. Hatukuwa na kamera. Kati ya majuto yangu yote hilo ni dogo, lakini ndilo linalonirudia mara nyingi. Hakuna picha hata moja ya jioni ile.

Katibu mpya hakuwa mtu mbaya. Hakuufunga mradi kwa hasira, ni kwamba tu haukuwa wake. Kila Daktari alipoenda ofisini kwake aliambiwa arudi. Chuo cha Ulaya kikauliza serikali yenu inasemaje, na hakuna aliyejibu, nacho kikaacha kuuliza. Umeme ulipoanza kukatwa kwa mgao, tukaonekana kama watu wanaochezea stima ya taifa. Kisha siku moja ofisa wa usafiri akaja na kusema pikapu inahitajika kwa kazi za kawaida mikoani, nirudishe kabureta yake ya petroli.

Ilikuwa kazi yangu, na nilipewa amri. Nilidhani nitaifanya haraka kabla Daktari hajafika, asione. Nilipofungua karakana nikamkuta ameshakaa kwenye stuli yake, kavaa koti.

"Usinifukuze," akasema.

Tuliifungua pamoja. Yeye alinipa spana moja baada ya nyingine bila mimi kuomba, alikuwa ameshajua nitahitaji ipi. Nilipotoa kile kinyunyizio cha bomba la shaba, akanyoosha mkono nikampa, akakifunga kwenye gazeti. Otieno hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti ametugeuzia mgongo. Nilipowasha injini kwa petroli ikashika mara moja, na karakana ikajaa moshi, na Daktari akasimama akatoka nje.

Kabla hajaondoka nchini alikuja kuniaga nyumbani Mowlem. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha mbali, kusini huko. Mke wangu alimpikia kuku na ugali wa wimbi. Alikula vizuri, akamshika Nafula mashavu. Mlangoni nikamwambia labda mambo yatabadilika, atarudi tumalizie.

"Mimi nilifikiri ukiwa na ushahidi mkononi inatosha," akasema. "Tulikuwa nao, Wekesa. Ulikuwa unatembea barabarani."

Ningependa kuwaambia kwamba tulishindwa na sayansi, maana huko kuna heshima yake, unajipanga upya kesho. Lakini injini iliwaka. Tulichokikosa ni watu wa kutosha waliojua kwamba iliwaka. Mradi mzima ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mtu mmoja, na alipoinuliwa tukaanguka naye. Kwa hivyo mkisikia serikali iko nyuma yenu, shukuruni, halafu siku hiyo hiyo mtafuteni wa pili na wa tatu. Wapelekeeni kazi yenu watu wa foleni ya maji mapema, sio siku ambayo wakubwa wamekataa kuja. Sisi tulifika kwa Mama Kadogo tukiwa tumeshachelewa.

Otieno alistaafu akarudi Ugenya, akafariki huko. Daktari Njoki alifundisha ugenini mpaka uzee ukamfika. Mwaka aliofariki waliurudisha mwili Murang'a, nami nikaenda mazishi. Nilikaa nyuma kwenye hema, mlimani, kati ya watu nisiowajua. Wakasoma historia ya maisha yake: shule, ng'ambo, chuo, tuzo alizopata huko kusini. Kuhusu Nairobi walisoma kwamba alifanya kazi serikalini kwa muda mfupi. Wakaendelea.

Baada ya maziko nilipewa chakula nikakaa karibu na mzee mwenye fimbo, ambaye aligundulika kuwa kaka yake mkubwa.

"Na wewe ulimjulia wapi dada yangu?"

"Nairobi, mzee. Tulitengeneza gari la haidrojeni."

Akageuza sikio. "Gari gani?"

Nikarudia. Akatikisa kichwa. "Hilo hakutuambia. Alisema tu kuna kazi ilimshinda Nairobi. Hakupenda kuulizwa."

"Haikumshinda," nikasema. "Niliketi ndani ya gari hilo. Lilitembea."

Aliweka sahani yake chini kwenye nyasi. Akawaita mabinti zake waliokuwa wakiosha vyombo, wanawake wazima, mmoja na mvi. "Njooni hapa. Huyu anajua kitu shangazi yenu alifanya." Wakaja wakipangusa mikono, wakavuta viti. Mzee akaniambia nianze mwanzo, nisiruke kitu. Nikawaambia lilitembea. Kisha nikarudi mwanzo, kwenye kile kifuniko kilichoruka mpaka kwenye mabati.